Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga maktaba yako ya vitabu pepe

Maswali haya yananirudia kila mara kutoka kwa walimu, wanafunzi wa vyuo na wapenzi wa riwaya wanaotumiwa vitabu kwa simu mpaka simu inajaa. Nimeyajibu nikimfikiria msomaji mwenye vitabu vingi vya Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo miongozo mingi ya kupanga vitabu inapokwama. Programu zimezoea vitabu vya Kiingereza. Vya kwetu hazivijui, na kuvitambulisha ni kazi yetu.

## Mwanzo

1. Nina vitabu mia mbili hivi. Kweli kuna haja ya kuvipanga?

Ipo, na mia mbili ni idadi nzuri ya kuanzia. Vitabu ishirini unavikumbuka kwa kichwa. Vikifika mia mbili unaanza kupakua upya kitabu ambacho tayari unacho, na vikifika elfu mbili, kuvipanga kutakula likizo nzima. Jipime hivi: mwenzako akikuomba kitabu unachojua unacho, unaweza kukipata ndani ya dakika moja?

2. Nianzie wapi?

Kusanya kwanza, panga baadaye. Tengeneza folda moja, iite "Vya kupangwa", na uingize humo kila kilichotawanyika: vilivyopakuliwa, vilivyo kwenye flashi za zamani, vilivyoambatishwa kwenye barua pepe, vilivyotumwa WhatsApp. Nakili, usihamishe. Halafu chukua vitabu kumi tu uvipange mpaka mwisho. Hivyo kumi vitakuonyesha unataka majina yakae vipi, na ni heri ukosee kwa kumi kuliko kwa mia nane. Siku ya kwanza usifute kitu chochote.

3. EPUB, PDF, MOBI, AZW3: zinatofautianaje?

EPUB ni maandishi yanayojipanga upya kufuata ukubwa wa kioo na wa herufi. Kwa ndani ni kurasa kama za tovuti, zimefungwa pamoja katika faili moja ya zip. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki MB 1. PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993, inashikilia ukurasa kama ulivyochapwa: mistari haihami, kwa hiyo inafaa kwa hisabati, majedwali na ramani, na inachosha macho kwenye simu. MOBI na AZW3 ni za Kindle, kisomeo cha vitabu pepe cha Amazon. MOBI imeshapitwa, tangu 2022 huduma ya Amazon ya kutuma vitabu kwenye Kindle inapokea EPUB.

Ukipewa uchaguzi, chukua EPUB kwa kitabu cha kusoma mfululizo. Ukiwa na EPUB na PDF za kitabu kimoja, usiviandikishe kama vitabu viwili. Calibre (swali la 5) inaziweka zote chini ya jina moja.

4. Sina kompyuta, nina simu tu. Nifanye nini?

Unaweza kufika mbali. Kwenye Android, programu kama ReadEra hutafuta yenyewe faili za vitabu ndani ya simu, ikazionyesha kwa mwandishi na kwa mfululizo, na unaweza kuunda mikusanyiko yako. Weka vitabu vyote katika folda moja, ikiwezekana kwenye memori kadi, na uyape mafaili majina kama inavyoelezwa katika swali la 8.

Kinachokuwa kigumu kwenye simu ni kurekebisha taarifa zilizo ndani ya kitabu chenyewe. Ukipata kompyuta ya kuazima hata kwa alasiri moja, itumie kwa kazi hiyo, kisha urudishe vitabu kwenye simu.

## Programu ya kupangia

5. Calibre ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni programu ya bure ya kutunza vitabu pepe, inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kovid Goyal aliianza mwaka 2006 baada ya kununua kisomeo cha Sony ambacho hakikuelewana na Linux. Jina la Calibre lilikuja 2008. Inaorodhesha vitabu, inarekebisha taarifa zake, inabadili muundo wa faili na kuvihamishia kwenye simu au kisomeo. Ikishasakinishwa haihitaji bando.

Naipendekeza kwa sababu moja kubwa kuliko zote: vitabu vyako vinabaki mafaili ya kawaida kwenye diski yako. Ukiacha kuitumia kesho, vitabu unabaki navyo.

6. Kompyuta yangu ni ya zamani. Itakubali?

Toleo la 6, lililotoka 2022, na yaliyofuata yanataka kompyuta ya biti 64, na kwa Windows ni kuanzia Windows 10. Kwa Windows 8 au kompyuta ya biti 32, chukua toleo 5.44. Linatosha kwa karibu kila jambo lililoelezwa hapa, isipokuwa kutafuta neno ndani ya vitabu vyote kwa pamoja (swali la 14).

7. Naweza kuingia ndani ya folda za Calibre na kuhamisha vitabu kwa mkono?

Hapana. Calibre hunakili kila kitabu kwenye folda ya mwandishi, na ndani yake folda ya kitabu, kisha huandika orodha nzima katika faili iitwayo metadata.db. Ukihamisha kitabu kwa mkono, orodha inabaki ikielekeza mahali patupu. Badilisha jina ndani ya Calibre na yenyewe itabadilisha folda.

8. Sitaki programu yoyote. Folda peke yake haziwezi kutosha?

Zinatosha kwa mamia machache ya vitabu, ukishika utaratibu mmoja. Mimi hutumia: jina la mwandishi, kistari, jina la kitabu, mwaka kwenye mabano. Usitumie alama ya kuuliza, nukta mbili, nyota wala mkwaju katika jina la faili, kwani Windows haizikubali, na flashi ikihama kutoka Linux kwenda Windows utapata faili zisizofunguka. Mwaka uwe wa toleo ulilonalo. Riwaya nyingi za shule zimechapwa upya mara kadhaa, na mwalimu anayetaja ukurasa wa 47 ana toleo fulani mkononi.

Udhaifu wa folda ni kwamba kitabu kinakaa mahali pamoja tu. Tamthilia ya kihistoria uiweke kwenye tamthilia au kwenye historia? Lebo (swali la 13) ndizo zinazoondoa swali hilo.

## Majina, lugha na lebo

9. Kwa nini Shaaban Robert anatokea kwenye herufi R?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha programu ilivyofikiriwa. Calibre inadhani neno la mwisho katika jina la mtu ni jina la ukoo, kwa hiyo inampanga kama "Robert, Shaaban". Katika majina mengi ya pwani yetu neno la mwisho si la ukoo; ni jina la baba au la babu. Hakuna msomaji anayesema "nitafutie kitabu cha Robert." Vivyo hivyo Said Ahmed Mohamed anapelekwa kwenye M, akachanganyika na kina Mohamed wengine wote. Ngũgĩ wa Thiong'o anageuzwa "Thiong'o, Ngũgĩ wa", na ile "wa" inaning'inia mwishoni bila kushika kitu.

Suluhisho lipo. Ndani ya mipangilio ya Calibre, sehemu iitwayo "Tweaks", kuna mstari author_sort_copy_method. Badilisha thamani yake kutoka comma kwenda copy, uzime programu na kuiwasha tena. Kuanzia hapo majina yatapangwa kama yalivyoandikwa. Kwa vitabu vilivyokwisha kuingia, fungua dirisha la kusimamia waandishi; lina kitufe cha kukokotoa upya mpangilio wa wote.

Lakini sasa Euphrase Kezilahabi ataangukia kwenye E, na sote tunamwita Kezilahabi. Ken Walibora naye ataingia kwenye K. Hawa warekebishe mmoja mmoja katika dirisha lilelile. Kanuni yangu ni kumpanga mwandishi kwa jina ambalo msomaji wa Kiswahili angelitaja akiwa mbele ya muuza vitabu. Mwanafunzi anayeandika tasnifu anaweza kubaki na mpangilio wa kawaida ili ulingane na orodha yake ya marejeleo. Chagua mmoja na ubaki nao.

10. Mwandishi mmoja ana majina matatu katika orodha yangu. Nifanyeje?

Hutokea sana. Adam Shafi utamkuta pia kama Adam Shafi Adam na Shafi Adam Shafi. Muhammed Said Abdulla huandikwa Mohamed, Saidi, Abdalla, kwa kila mchanganyiko unaoweza kuuwaza. Penina Muhando ndiye Penina Mlama. Chagua umbo moja, lile lililo kwenye jalada la vitabu vyake vingi, kisha katika dirisha la kusimamia waandishi yabadilishe majina mengine yawe hilo, Calibre itayaunganisha. Jina lililoachwa liandike kwenye maelezo ya kitabu ili ukilitafuta bado likufikishe.

Kitabu chenye waandishi wawili, watenganishe kwa alama ya &. Ukiweka neno "na", watahesabika mtu mmoja mwenye jina refu.

11. Sehemu ya lugha nayo ni ya lazima?

Kwetu, ndiyo. Vitabu vingi vya Kiswahili vinatengenezwa kwa programu iliyowekwa Kiingereza, kwa hiyo kitabu kinajitambulisha kuwa cha Kiingereza ingawa hakina hata neno moja la lugha hiyo. Matokeo yake unayaona bila kujua chanzo: maneno yanakatwa vibaya mwisho wa mstari, kamusi inafunguka ya Kiingereza, na ukiomba simu ikusomee kwa sauti, inatamka "maji" kama mtalii.

Chagua vitabu vyako vyote vya Kiswahili kwa pamoja, fungua dirisha la kuhariri taarifa, weka lugha iwe Swahili. Ni kazi ya dakika tano. Kisha tuma upya vitabu kwenye kifaa chako, kwa sababu mabadiliko huandikwa ndani ya faili wakati wa kuituma au kuihifadhi nje ya maktaba. Tafsiri ibaki na lugha unayoisomea. Jina la mfasiri liandike pia, maana wafasiri wetu husahaulika haraka sana.

12. Programu inatafuta taarifa za kitabu mtandaoni na haipati kitu. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Calibre huuliza hifadhi kubwa za kimataifa, na vitabu vingi vya wachapishaji wetu havimo humo, au vimo bila jalada na vina majina yaliyokosewa. Kabla ya kukata tamaa jaribu ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Fungua ukurasa wa hakimiliki, wa pili au wa nne hivi, utafute namba inayoanza na 9966 (Kenya), 9976 au 9987 (Tanzania), au 9970 (Uganda). Namba za kisasa hutanguliwa na 978. Iweke kwenye sehemu ya vitambulisho na utafute tena.

Ikishindikana, andika mwenyewe: mwandishi, jina, mchapishaji, mahali, mwaka, na sentensi mbili za kueleza kitabu kinahusu nini. Jalada lipige picha kwa simu penye mwanga wa kutosha. Vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 havina ISBN kabisa, na hivyo ndivyo vinavyohitaji zaidi mkono wako. Huenda rekodi utakayoandika ikawa bora kuliko yoyote iliyopo mtandaoni.

13. Niweke lebo ngapi, na kwa lugha gani?

Weka chache, kwa Kiswahili. Orodha yangu haizidi ishirini na tano: riwaya, tamthilia, ushairi, hadithi fupi, historia, dini, kilimo, afya, sheria, sarufi, watoto, na kadhalika. Tatizo la kawaida ni "shairi", "mashairi" na "ushairi" kukaa kama vitu vitatu. Amua moja, ukiibadili jina lebo iitwayo "mashairi" kuwa "ushairi", vitabu vyake vinaungana na vingine.

Vitabu vilivyopakuliwa huja na lebo zao za Kiingereza, wakati mwingine kumi kwa kitabu kimoja. Zifute zote bila huruma.

Wakutubi huniuliza kuhusu Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada. Mfumo huo una nafasi ya fasihi ya Kiswahili, 896.392, na ni mzuri kwa rafu ambapo kitabu lazima kikae mahali pamoja. Maktaba yako binafsi haina rafu.

## PDF za kuskani

14. Nina PDF za vitabu vya zamani, lakini nikitafuta neno halipatikani. Kwa nini?

Kwa sababu ni picha. Macho yako yanaona maneno, kompyuta inaona madoa meusi. Zinahitaji kusomwa na programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili. OCRmyPDF inaitumia hiyohiyo na kukuachia PDF ileile yenye maandishi yaliyofichwa chini ya picha. Amri yake, unayoiandika kwenye dirisha la amri la kompyuta (terminal), ni hii:

ocrmypdf -l swa kitabu.pdf kitabu-kipya.pdf

Kama kitabu kimechanganya Kiingereza, andika swa+eng. Usiruhusu Kiingereza peke yake, kwani itageuza maneno yetu kuwa ya Kiingereza yanayofanana nayo. Ukiskani mwenyewe, tumia nukta 300 kwa inchi. Chini ya hapo makosa huongezeka.

Baada ya hapo, Calibre toleo la 6 au la juu yake inaweza kutafuta neno ndani ya vitabu vyote kwa pamoja. Kwa mtu anayetafiti methali, au matumizi ya neno moja katika riwaya thelathini, kipengele hiki peke yake kinalipa kazi yote iliyotangulia.

15. Nigeuze PDF zote ziwe EPUB?

Usizigeuze zote. PDF ya kuskani ikigeuzwa inatoka vurugu: namba za kurasa katikati ya sentensi, beti za shairi zimeungana kuwa aya. Geuza kitabu unachokusudia kukisoma sasa hivi, ukague, na faili ya asili uibakize.

## Vitabu vya WhatsApp na Telegram

16. Simu yangu imejaa mafaili yanayoitwa DOC-20230514-WA0003. Ni nini haya?

Ni nyaraka ulizopokea WhatsApp. Jina ni tarehe na namba tu. Yamo katika folda ya WhatsApp Documents. Usijaribu kuyapa majina ndani ya folda hiyo, maana mazungumzo hayatayaona tena. Nakili vitabu uvitoe humo, uviingize kwenye utaratibu wako, kisha ndipo ufute vya WhatsApp. Jina halisi kwa kawaida liko ukurasa wa kwanza, si kwenye faili.

17. Nitajuaje kilichorudiwa?

Calibre ina programu-jalizi ya bure iitwayo Find Duplicates. Ina njia ya kutafuta mafaili yanayofanana kabisa, na njia ya kutafuta majina yanayokaribiana. Anza na ya kwanza. Katika ya pili, fungua vyote viwili kabla ya kufuta: kimoja kinaweza kuwa na kurasa zilizoruka, au kikawa toleo la zamani lenye utangulizi ulioondolewa baadaye.

## Kutunza

18. Nakala rudufu ziwe ngapi?

Tatu, na moja isiwe nyumbani kwako. Nilipoteza mashairi ya marehemu mjomba wangu, yaliyochapwa na kuskaniwa kwa jioni nyingi, kwa sababu kompyuta na flashi vilikuwa kwenye mkoba mmoja ulioibiwa. Yalikuwa nakala mbili, na ni kama ilikuwa moja. Siku hizi ninayo kompyuta, diski ya nje iliyoko kwa dada yangu mji mwingine, na hifadhi ya mtandaoni. Vitabu elfu moja vya EPUB vya MB 1 kila kimoja ni takriban GB 1 tu. Flashi ndogo inatosha.

19. Naweza kuiweka maktaba ya Calibre ndani ya folda inayojisawazisha na mtandao?

Ni hatari. Ile metadata.db ikisawazishwa huku Calibre imefunguliwa, hasa ukiwa na kompyuta mbili, inaweza kuharibika. Zima programu kwanza, kisha nakili folda nzima. Ikishaharibika usiogope: ndani ya folda ya kila kitabu kuna faili metadata.opf yenye taarifa zake, na Calibre ina chaguo la kujenga upya orodha kutokana na hizo.

20. Vitabu nilivyonunua mtandaoni ni vyangu milele?

Mara nyingi umenunua ruhusa ya kusoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali nakala za vitabu vya George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha lipa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja walirudishiwa fedha, vitabu vikaacha kufunguka. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta ili kukihamisha kwa waya. Kabla ya kununua, angalia kama kitabu kina kufuli la kidijitali. Pale mchapishaji anapouza EPUB isiyo na kufuli, nunua kwake.

## Kugawana

21. Naweza kumtumia rafiki kitabu nilichoskani?

Kama mwandishi au warithi wake bado wana haki, hapana. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Angalia pia utangulizi na maelezo ya mhariri, kwani hayo yana mwenyewe.

Nalisema hili kwa uzito. Soko la riwaya ya Kiswahili ni dogo, na PDF moja ikizunguka makundi ya WhatsApp inaweza kumnyang'anya mwandishi kipato cha miaka. Maktaba iliyopangwa vizuri isigeuke mrija wa kumnyonya aliyekuandikia.

22. Vya Kiswahili vya halali na vya bure navipata wapi?

Kwa watoto, African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ulioanza 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India vilevile. Kwa vitabu vya kiada, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao. Kwa machapisho ya kale, tafuta Internet Archive. Leseni ya kitabu iandike kwenye maelezo yake siku ileile unayokipakua.

## Hali zisizo za kawaida

23. Nina tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Nizipangeje?

Lugha ni Kiswahili. Hati haibadilishi lugha. Jina liandike kwa herufi za Kilatini ili uweze kulitafuta, na umbo la Kiarabu liweke kwenye maelezo. Ongeza lebo "hati ya Kiarabu". Picha za miswada ziache kama zilivyo, na kama una unukuzi wake, uwe faili ya pili chini ya jina lilelile.

24. Nyumbani tuko sita, kompyuta moja. Wote tunaweza kusoma?

Mnaweza, tena bila bando. Calibre ina seva ndani yake. Iwashe, kisha simu zilizo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, au kwenye hotspoti ya simu mojawapo, zifungue kivinjari na kuandika anwani ya kompyuta ikifuatwa na :8080. Orodha yote inatokea, na kitabu kinasomwa au kupakuliwa palepale. Ukitaka watoto waone vyao tu, watengenezee maktaba yao peke yake.

25. Kitabu kimoja nimekipata vipandevipande, sura kumi katika faili kumi.

Ziunganishe kabla ya kuingiza. Kwa PDF, programu ya PDFsam Basic ni ya bure. Kwa EPUB, iko programu-jalizi ya Calibre iitwayo EpubMerge. Ukikosa sura moja, andika "pungufu, sura ya 6 haipo" kwenye maelezo, na uipe lebo "pungufu". Orodha ya lebo hiyo ndiyo ninayoibeba nikienda kwa wauza vitabu vya mitumba.